Bwana wa Kilimambogo: Maisha ya Sir William Northrup McMillan

Ukisimama mahali palipoinuka hapa Kamakis asubuhi isiyo na ukungu, ukaelekeza macho mashariki, utaona mlima mmoja umejilaza peke yake kama ng'ombe aliyeshiba. Huo ndio Kilimambogo. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakamba huuita Kyanzavi. Wakikuyu huuita Kĩanjahĩ, na wazee wao waliuhesabu miongoni mwa milima ambayo Ngai hupumzika juu yake anapotembelea dunia. Sisi wanafunzi wa kutwa tunauona kila siku tukingoja matatu, lakini ni wachache mno kati yetu ambao wamewahi kuukanyaga.

Ajabu ni kwamba sisi hao hao, tukiulizwa darasani tungependa kuzuru wapi, hujibu haraka: Uswisi, tukapande Alps! Nepal, tukaione Himalaya! Mwingine atataja ile njia ndefu ya miguu ya Marekani iitwayo Appalachian, yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi, ambayo mtu huitembea miezi mitano au sita toka Georgia hadi Maine. Sikatai, ni vizuri kuwa na ndoto. Lakini yuko Mmarekani mmoja aliyefanya kinyume. Alizaliwa kwao, tajiri wa kutupwa, akiwa na uwezo wa kwenda popote chini ya jua, akavuka bahari, akazunguka huku na huko, na mwishowe akachagua kulala milele kando ya njia ya kuupanda mlima wetu huu. Jina lake ni William Northrup McMillan.

Nilipopeleka kichwa cha makala haya kwa wenzangu wa Chama cha Kiswahili, palizuka kelele. Mmoja akasema ati kwa nini tumwandikie mzungu mlowezi ilhali kuna Mekatilili wa Menza, kuna Waiyaki wa Hinga, kuna Harry Thuku? Swali hilo lina uzito wake na sitalikwepa. Kwa sasa nasema tu kwamba mtu ambaye jina lake liko kwenye maktaba kongwe ya Nairobi, na kaburi lake liko mlimani mwetu, hatuwezi kujifanya hatumjui. Tumjue kwanza, halafu kila mmoja aamue lake.

McMillan alizaliwa mwaka wa 1872 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Baba yake, aliyeitwa pia William McMillan, alikuwa ametoka Kanada, na asili ya ukoo wao ilikuwa Uskoti. Huyo mzee alitajirika kwa kutengeneza mabehewa ya reli. Katika miaka ile Marekani ilikuwa ikitandaza reli kila upande, kwa hiyo mwenye kiwanda cha mabehewa alikuwa ni kama mwenye kisima wakati wa kiangazi. Kijana Northrup, kama alivyoitwa na rafiki zake, alikua bila kujua njaa inafananaje. Mwaka wa 1894 alimwoa Lucie Webber, mwanamke ambaye jina lake tutalirudia sana, maana bila yeye huenda leo tusingekuwa na la kusimulia. Mwaka wa 1901 baba mtu akafariki, na mali nyingi ikabaki mikononi mwa mtoto.

Sasa, mwenye mali nyingi na umri mdogo hufanya nini? Wengine hunywa. Wengine hucheza kamari. McMillan aliingiwa na hamu ya kusafiri. Aliihama Marekani akaishi Uingereza kwa muda, kisha akaanza kuitazama ramani ya Afrika.

Hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mto Nile, kama tulivyofundishwa katika Jiografia, una matawi mawili makubwa: Nile Nyeupe inayotoka upande wa Ziwa Victoria, na Nile ya Bluu inayotoka Ziwa Tana, Ethiopia. Hii ya Bluu hupita katika bonde refu lenye kuta za mawe kama nyufa za dunia, na wakati huo hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa ameishuka kwa mashua kutoka Ethiopia mpaka Sudan. McMillan akasema atakuwa wa kwanza. Mpango wake ulikuwa wa kitajiri hasa. Yeye angeshuka kutoka Ethiopia na mashua za chuma, na mwenzake, mhandisi kutoka Norway aitwaye B. H. Jessen, angepanda kutoka Khartoum, wakutane katikati. Mashua zilibebwa nchi kavu, zikapita kwenye jangwa na kupanda milima mpaka Addis Ababa, ambako Mfalme Menelik aliutoa mkono wa ruhusa.

Mwezi wa Juni 1903 mashua zikatiwa majini. Loo! Hazikwenda mbali. Mto ulizishika ukazibamiza kwenye miamba, nyingine zikazama, vyakula na vifaa vikachukuliwa na maji. Safari iliyogharimu fedha chungu nzima ikaishia karibu na pale ilipoanzia. Jessen naye upande wake alikwama kwenye maporomoko. Miaka miwili baadaye, 1905, Jessen alirudi akijaribu tena kutoka Sudan, safari hii kwa miguu na wanyama wa mizigo kandokando ya mto, na akaona sehemu ambazo zilikuwa hazijachorwa katika ramani. Mimi nikikisoma kisa hiki huwa nafikiri juu ya wale wapagazi waliozibeba mashua hizo. Umebeba chuma kwa wiki na wiki, umevuka jangwa, halafu siku ya kwanza ya kazi unakiona chuma chenyewe kikizama mbele ya macho yako. Majina yao hayakuandikwa, ila la McMillan liliandikwa.

Baada ya mkosi huo McMillan akaelekea kusini, akaingia katika nchi iliyokuwa ikiitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza, yaani Kenya yetu kabla haijaitwa Kenya. Ilikuwa mwaka wa 1904 hivi. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka wa 1899 na Ziwa Victoria mwaka wa 1901, na serikali ya wakoloni ilikuwa ikiwatafuta wazungu wa kuja kulima ili reli ile ipate mizigo ya kubeba. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1902 iliwapa nafasi ya kugawiwa mashamba. Mwaka huo huo wa 1904 Wamaasai waliwekewa mkataba wa kuhamishwa kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa. Katika hali hiyo mtu mwenye pesa kama za McMillan alipokelewa kwa mikono miwili. Akapata maelfu ya ekari kati ya Nairobi na Mto Athi, akajenga nyumba kubwa, akaliita shamba lake Juja.

Ndiyo, Juja ile ile unayoijua. Ile ya chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, ile ya makondakta kupiga kelele pale stejini. Kuhusu chanzo cha jina hilo husimuliwa kwamba McMillan alikuwa na sanamu mbili za Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja, akayaunganisha majina. Wasimulizi wengine huongeza mambo ya uchawi ndani yake. Hayo ya uchawi nawaachia wenyewe.

Kwa umbo McMillan alikuwa pandikizi la mtu, mrefu na mnene kupita kiasi. Wote waliomwona hawakukosa kulitaja hilo. Mtu wa kiasi hicho unadhani angekaa barazani akanywa chai, lakini hapana, alipenda sana kutoka na kuzurura porini. Aliupenda Kilimambogo hasa. Kutoka nyumba ya Juja mlima ulionekana ukiwa umesimama upande wa pili wa tambarare, na chini yake Mto Athi ukizunguka kama nyoka, ukishuka kwenye maporomoko yanayoitwa Fourteen Falls. Pundamilia, twiga, kongoni na simba walikuwa wengi tambarare nzima, mahali ambapo leo kuna mashamba ya mananasi ya Thika na nyumba za kupanga.

Mgeni wake mkubwa alifika mwaka wa 1909. Huyu alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha urais wa Marekani. Alitua Mombasa mwezi wa Aprili pamoja na mwanawe Kermit, akiwa anakusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Mwezi wa Mei akapokelewa Juja na McMillan na mkewe kwa ukarimu mwingi. Akawinda huko, kisha akaja kuwinda nyati kwenye matete ya Mto Kamiti. Nasema Kamiti! Hapo tu, mwendo wa baiskeli kutoka hapa kwetu. Roosevelt alipomaliza safari yake mwaka wa 1910, yeye na mwanawe walikuwa wamewaua wanyama 512. Kitabu alichokiandika juu ya safari hiyo kinaitwa African Game Trails, na ndani yake Juja inatajwa. Kwa hiyo Mmarekani wa wakati ule aliyekaa New York akisoma juu ya njia za porini za ng'ambo, alikuwa akisoma juu ya Juja, Kamiti na Kilimambogo. Sisi ndio ng'ambo yao.

Kuhusu wanyama hao 512, mwalimu mmoja alinieleza kwamba tusiwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo. Huenda ni kweli. Lakini nakumbuka pia kwamba Mwafrika aliyemwinda swala mmoja ili watoto wale aliitwa mwizi wa wanyama, hali mgeni aliyewapiga risasi mamia aliitwa mwanasayansi. Mizani hiyo hata kwa macho ya wakati ule ilikuwa imepinda.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka wa 1914, Waingereza wa Kenya na Wajerumani wa Tanganyika walianza kupigana. McMillan, pamoja na unene wake na umri wake wa miaka zaidi ya arobaini, alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi kilichokusanya wawindaji na wasafiri wa kila aina, akiwemo mwindaji mashuhuri Frederick Selous. Nyumba yake ya Chiromo, mjini Nairobi, mahali ambapo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ikatumika kuwapumzisha maofisa wagonjwa na waliojeruhiwa. Kwa huduma zake wakati wa vita mfalme wa Uingereza alimpa cheo mwaka wa 1918, na tangu hapo akawa Sir, na mkewe akawa Lady McMillan.

Kwa upande wetu vita hivyo vilikuwa na sura nyingine. Wanaume wa Kiafrika walichukuliwa kwa maelfu na maelfu kubeba mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu hawakurudi, si kwa risasi tu bali kwa kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na wananchi wakalitamka jina hilo kwa njia yao: Kariokor. Ukishuka Nairobi ukala nyama pale Kariokor, ujue unakula juu ya jina la wapagazi hao. Wao hawakupewa cheo cha Sir.

Baada ya vita McMillan aliingia katika baraza la kutunga sheria la koloni. Hapo ndipo ninaposhindwa kumpamba. Baraza lile lilikuwa la walowezi. Sheria ya mwaka wa 1915 ilikuwa imewaruhusu wakodi ardhi kwa miaka 999, jambo ambalo babu yangu hulicheka mpaka leo, kwamba mtu anakodi shamba kwa muda ambao hata mjukuu wa mjukuu wake hatauona mwisho wake. Kipande kilianza kutumika karibu na mwaka wa 1920, na mwanamume wa Kiafrika akawa hawezi kutoka bila kile kikebe shingoni. Ushuru wa kibanda ukapanda. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku alishikwa kwa kuyapinga mambo hayo, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. McMillan alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa koloni hilo katika miaka hiyo. Husemwa alikuwa mkarimu, mwenye mkono mwepesi wa kutoa, na mimi sina sababu ya kubisha. Ila ukarimu wa mtu na haki ni vitu viwili. Unaweza kumpa jirani yako sufuria ya uji huku umekalia shamba lake.

Mwaka wa 1925, mwezi wa Machi, akiwa na umri wa miaka 52, McMillan alifariki katika mji wa Nice, Ufaransa. Alikuwa amekwisha kusema anakotaka kuzikwa: juu ya Kilimambogo. Hakutaka St. Louis alikozaliwa, wala Uingereza alikowahi kuishi. Maiti ikarudishwa Kenya kwa safari ndefu ya bahari.

Mazishi yenyewe husimuliwa hivi. Jeneza lilikuwa zito kupita kawaida, kwa sababu ya mwenyewe aliyekuwa ndani. Njia ya mlima ilikuwa mbaya, yenye mwinuko mkali na matope. Likatengenezwa gari la kuteleza, likafungwa nyuma ya trekta, msafara ukaanza kupanda. Trekta likanguruma, likapanda, likanguruma tena. Walipofika kama kilomita saba kutoka chini, klachi ikaungua. Wakajaribu hili na lile lakini wapi! Kilele kilikuwa bado kilomita mbili mbele. Ikabidi wachimbe kaburi papo hapo, kwenye uwanja mdogo ulio tambarare kando ya njia. Tajiri aliyeshindwa na Nile ya Bluu akiwa hai akashindwa na Kilimambogo akiwa maiti, safari zote mbili kwa sababu ya chuma kilichokataa kwenda. Nisameheni kwa kucheka kidogo msibani.

Tunarudi kwa Lady Lucie. Huyu mama aliishi miaka mingine 32 baada ya mumewe. Badala ya kujenga sanamu, aliamua kumkumbuka mumewe kwa vitabu. Alitoa fedha na vitabu, na shirika la Carnegie la Marekani likasaidia, ikajengwa Maktaba ya McMillan katikati ya Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka wa 1931. Ina nguzo ndefu za mawe na ngazi pana, na mlangoni wamelala simba wawili wa mawe, kila mmoja ubavu wake. Bunge la koloni likaitungia sheria yake maalum mwaka wa 1938, jambo ambalo si majumba mengi yanaweza kujivunia.

Lakini sikiliza hili. Maktaba hiyo ilikuwa ya wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kuzifagia ngazi zile, aliweza kuwapangusa vumbi wale simba, lakini kuingia akaketi na kusoma, asilani! Hali ilikuwa hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Ni mpaka mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ambapo baraza la mji wa Nairobi liliichukua na milango ikafunguliwa kwa kila mtu. Baadaye matawi yakafunguliwa Makadara na Kaloleni, kule Eastlands.

Babu yangu alifanya kazi Nairobi akiwa kijana, miaka ya hamsini. Alikuwa akipita mbele ya maktaba hiyo akienda kazini, na alijua kusoma vizuri, maana alifika darasa la saba enzi hizo. Ananiambia alidhani ni kanisa. Hakuna aliyemweleza kwamba ndani ni vitabu. Mwaka jana nilimpeleka. Tulipanda zile ngazi polepole, mguu wake una shida, akamgusa simba mmoja kichwani kama mtu anayemsalimu mtoto wa jirani. Ndani akaomba gazeti la zamani, akasoma saa nzima bila kunena neno. Tulipotoka akauliza McMillan alikuwa nani. Nikashindwa kumjibu vizuri, nikamwambia nitatafuta. Ndiyo sababu hasa ya makala haya, wala si kwamba nawapenda walowezi kuliko mashujaa wetu, kama mwenzangu wa Chama alivyodhani.

Jibu nililompelekea babu ni refu, ndilo hili unalolisoma. Yeye alilisikiliza lote, kisha akataka kujua jambo moja tu: je, wenye mlima waliulizwa kabla ya kaburi kuchimbwa? Sijaona mahali palipoandikwa kwamba waliulizwa. Kwa Wakikuyu huo ulikuwa mlima wa kutambikia, na kwa Wakamba walioishi chini yake ulikuwa mlima wa kwao tangu zamani. Mtu akizikwa mahali, kwetu maana yake ni kwamba mahali hapo ni pake. Kaburi ni hati ya shamba kuliko hata karatasi za serikali. Naamini babu aliuliza swali kubwa kuliko yote niliyoyasoma vitabuni.

Kwa upande mwingine, na hapa tunaweza kubishana hata jioni nzima, huo mlima umebaki na miti yake. Uangalie Ruiru, uangalie Thika, kila kona ni ghorofa na mashamba ya maua. Kilimambogo kingali kijani kutoka chini hadi juu. Serikali ya Kenya huru iliufanya hifadhi ya taifa mwaka wa 1967, hifadhi ndogo tu ya kilomita za mraba 20 hivi. Nyati waliompa jina wangalipo, na mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya miti. McMillan hakuupanda msitu ule. Ulikuwapo kabla yake, na waliouheshimu kabla yake ndio walioutunza. Lakini mashamba yake yaliyouzunguka yalikwisha gawanywa na kuuzwa, ilhali kaburi lake halijauzwa, na njia inayokwenda huko ndiyo njia tunayoitumia.

Lady Lucie alifariki mwaka wa 1957, akazikwa kando ya mumewe. Karibu nao amelala Louise Decker, mtumishi wa nyumbani kwao, ambaye habari zake ni chache mno katika maandishi. Ningependa mwaka ujao mmoja wenu amtafute huyo na kumwandika.

Kwa wale watakaotaka kwenda, na nimesikia walimu wawili tayari wanapanga, mambo ni haya. Kutoka Thika kuna magari yanayokwenda Kilimambogo kupitia barabara ya Garissa, mwendo wa kilomita 25 hivi, halafu unaelekea mji mdogo wa Ol Donyo Sabuk na lango la hifadhi. Kitambulisho cha mwanafunzi kisisahaulike, kinapunguza kiingilio. Kupanda kwa miguu peke yenu hairuhusiwi. Lazima muandamane na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu mbogo wa pale hawachezi, na mbogo wa peke yake ni hatari kuliko kundi. Kutoka langoni hadi makaburini ni kilomita saba za mwinuko usiokuwa na huruma. Viatu vya shule vyenye soli laini havifai, na maji lita moja hayatoshi.

Makaburini kuna uwanja wenye upepo, mahali pazuri pa kula mkate. Tambarare yote iko chini: Mto Athi, mananasi ya Thika yamepangwa mistari kama daftari la hesabu, na mbali upande wa magharibi mabati ya Ruiru yakimetameta. Mwenye macho makali anaweza kujaribu kutafuta Kamakis. Wengi huchoka wakageuzia hapo. Msigeuke. Kilele kiko kilomita mbili tu mbele, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, penye milingoti ya mawasiliano, na siku ikiwa safi unaona Mlima Kenya upande wa kaskazini na Kilimanjaro kusini, yote miwili ukiwa umesimama mahali pamoja. Ondokeni Thika kabla ya saa moja asubuhi, maana ikifika saa tano mawingu huanza kufunga.